Mwenda Jean-Bosco: Mpiga gitaa kavu aliyesikika Afrika bila amplifaya

MUDAKA, KIVU KUSINI – Kijana wa Mudaka anayetaka kupiga gitaa katika kwaya ya kanisa au katika bendi ya harusi hukutana mapema na swali moja: anunue amplifaya ya aina gani?

Wapo wanaomshauri atafute ampli ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya kifaa, kwa sababu sauti yake ni nzito na tamu. Wengine humwambia achukue ya transista, kwa kuwa ni nyepesi, haiharibiki ovyo na bei yake ni nafuu. Siku hizi kuna kundi la tatu: vifaa vidogo vya kidijitali vinavyoiga sauti za ampli nyingi maarufu, ambavyo mpigaji huvichomeka moja kwa moja kwenye mixa na bafle za ukumbi.

Kabla ya kutoa pesa, inafaa amfahamu mzee mmoja wa mashariki ya Congo aliyewafundisha gitaa vijana wa nchi kadhaa bila hata kuwaona, kwa kutumia vidole viwili na gitaa lisilo na waya. Jina lake ni Mwenda Jean-Bosco, ambaye baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke.

Mtoto wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Bunkeya si kijiji cha kawaida katika historia ya Congo. Hapo ndipo ulipokuwa mji mkuu wa Mfalme Msiri, ambaye watu wake, Bayeke, asili yao ni Unyamwezi katika Tanzania ya leo. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na Katanga ikaingia mikononi mwa wakoloni.

Mwenda alikulia katika Katanga ya migodi ya shaba. Miji ya Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ilivuta wafanyakazi kutoka kila upande: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Watu hao walihitaji lugha ya kuelewana, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi za migodi. Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho, na pia kwa Kisanga, Kiyeke na Lingala.

Gitaa lilikuwa limefika mijini kwa njia ya mabaharia, wafanyabiashara na wafanyakazi wahamiaji. Santuri za muziki wa Cuba zilisikika, za waimbaji wa Marekani vilevile. Mwenda alisikiliza vyote hivyo, akavichanganya na miondoko ya ngoma za kwao.

Maikrofoni moja Jadotville

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara hili akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Jadotville na vifaa vyake. Hapo alimrekodi Mwenda, kijana wa miaka 22 hivi. Miongoni mwa nyimbo za siku hizo ni Masanga, ambao hadi leo ndio unaotajwa kwanza kila jina lake linapotajwa.

Katika rekodi hizo hakuna ngoma, besi wala gitaa la pili. Kuna mtu mmoja tu. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene za chini, na kidole cha shahada kinajibu kwenye nyuzi nyembamba za juu. Mistari hiyo miwili inapishana na kushikana kiasi kwamba msikilizaji wa mara ya kwanza hudhani ni watu wawili wanaopiga. Miaka michache baadaye, mtaalamu wa muziki David Rycroft alikaa na rekodi hizo, akaandika noti zake moja moja na kuchapisha uchambuzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jarida la African Music. Ni wapigaji gitaa wachache wa Afrika waliopata kuchunguzwa hivyo wakati ule.

Nyimbo zake zilitolewa kwenye santuri na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, kwa jina la Gallotone. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu za muziki. Gramafoni nyingi zilizozipiga zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, na hazikuhitaji umeme. Kwa hiyo sauti ya gitaa la Mwenda iliweza kuingia katika kijiji ambacho hakijawahi kuona waya wa umeme, ikasikika barazani kama ilivyosikika mbele ya maikrofoni ya Tracey.

Hiyo ndiyo amplifaya ya kwanza ya Mwenda: maikrofoni moja, santuri na redio. Gitaa lenyewe halikuguswa.

Umeme wafika Léopoldville

Mwaka mmoja tu baada ya rekodi za Jadotville, mambo yalianza kubadilika upande wa magharibi. Mwaka 1953 mpiga gitaa Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kufanya kazi katika studio ya CEFA, na akaja na gitaa la umeme. Mwaka huohuo Franco Luambo, akiwa bado kijana mdogo, aliingia studio ya Loningisa. Nicolas Kasanda, ambaye baadaye aliitwa Docteur Nico, alikuwa anakua kimuziki katika studio ya Opika pamoja na African Jazz ya Joseph Kabasele. Mwaka 1956 OK Jazz ilizaliwa.

Bendi hizi zilikuwa na ngoma, besi na saksofoni, na zilipiga katika baa zilizojaa watu wanaocheza. Gitaa kavu haliwezi kushindana na saksofoni ndani ya baa. Umeme ulilipa gitaa nguvu ya kusimama mbele. Mpigaji aliweza kuvuta noti moja ikabaki hewani, na solo ikawa ndiyo roho ya wimbo.

Lakini umeme ulileta pia mgawanyo wa kazi. Kile alichokifanya Mwenda peke yake kwa vidole viwili sasa kiligawiwa watu kadhaa: mmoja anashika besi, mwingine anashika mdundo, wa tatu anapiga solo, kila mmoja na ampli yake. Muziki ulipata ukubwa na utamu mpya. Mpigaji mmoja mmoja naye akaachiwa sehemu tu ya kile ambacho mtangulizi wake alikibeba chote.

Nairobi na matangazo ya dawa

Sifa za Mwenda zilikuwa zimeshavuka mipaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishi kwa muda Nairobi, ambako alisikika redioni mara kwa mara na kutumiwa katika matangazo ya vidonge vya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa kutoka Katanga, alipata jina kubwa Kenya pia.

Vijana wa Kenya walimsikiliza kwa makini. Walijaribu kumfuata kwa sikio, wakirudia wimbo hadi vidole vizoee. Mtindo wa kupiga kwa vidole ulistawi sana, hasa magharibi ya Kenya, na watu wakaendelea kuuita muziki wa gitaa kavu, kuutofautisha na ule wa umeme uliokuwa ukija kwa kasi.

Nyumbani kwake hali ilikuwa mbaya. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru wa Congo, Katanga ilitangaza kujitenga. Vita na vurugu viliendelea hadi Januari 1963. Amani iliporejea, bendi za umeme za Léopoldville ndizo zilizotawala redio, na vijana wa mijini waliliona gitaa kavu kuwa jambo la wazee.

Kazi ya mshahara, gitaa la moyoni

Mwenda hakuishi kwa gitaa pekee. Alifanya kazi benki, akafanya kazi katika kampuni ya migodi, akasimamia bendi, na baadaye akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua vyombo vya umeme, wala hakuvikimbia kwa ushamba. Aliviona kazini, aliwajua wapigaji wake na alielewa kwa nini ukumbi wa dansi unavihitaji.

Hata hivyo, alipoitwa nje ya nchi, watu waliomwita walitaka kumsikia yeye na gitaa lake kavu. Mwaka 1969 alipiga Marekani katika tamasha la Newport, jukwaa ambalo miaka minne kabla yake lilikuwa limegawanyika pale Bob Dylan alipopanda na gitaa la umeme.

Mwaka 1972, Rais Mobutu alipowaamuru raia waache majina ya Kizungu, jina la Jean-Bosco liliwekwa kando, na Mwenda wa Bayeke likashika nafasi yake. Nchi ilikuwa imeitwa Zaire na Katanga ikawa Shaba. Majina yalibadilika, vidole vikabaki vilevile. Mwaka 1988 aliingia studio huko Cape Town na kurekodi tena, akiwa na umri wa miaka karibu 60.

Septemba 1990, Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Anachomfundisha mnunuzi wa leo

Maisha ya Mwenda hayasemi kwamba umeme ni mbaya. Yanasema kwamba mpigaji aanze na swali la nini kinapaswa kusikika, kisha ndipo aulize kifaa gani kitakisikilizisha.

Anayepiga solo za rumba au seben kwa gitaa la umeme anahitaji noti yake ikae hewani na iwe na joto. Huyo ampli ya valvu itamfurahisha, kwa sababu ikisukumwa hulainisha na kukwaruza sauti kwa namna inayopendeza sikio. Ila ni nzito, valvu zake huchakaa na kuhitaji kubadilishwa, na inakula umeme mwingi. Mahali ambapo ibada au sherehe hutegemea jenereta ndogo, jambo hilo si dogo.

Anayepiga kwa vidole kama Mwenda ana hitaji jingine. Besi ya gumba na sauti nyembamba ya kidole cha shahada lazima zisikike kwa usafi, kila moja mahali pake. Ampli inayokwaruza itazichanganya ziwe uji. Ampli ya transista yenye sauti safi, kama zile za Jazz Chorus ambazo Roland walianza kuzitoa mwaka 1975, au spika ya kawaida ya ukumbi, humfaa zaidi. Gitaa kavu lenyewe likiwekewa kinasa sauti na kuwekwa karibu mno na spika, tumbo lake huanza kutetemeka na kutoa mlio mkali unaojirudia. Hapo dawa ya kwanza ni kusogeza gitaa na spika mbali, au kugeuza spika isimtazame mpigaji. Kununua ampli kubwa zaidi hakuondoi mlio huo.

Vifaa vya kidijitali vinavyoiga ampli, ambavyo vilienea duniani baada ya Line 6 kutoa kifaa chake cha POD mwaka 1998, vina faida kubwa kwa mpigaji wa Mudaka. Vinaingia kwenye begi, vinabebeka kwa pikipiki, na vingine hutumia betri. Kifaa kimoja kinaweza kumpa sauti safi ya kwaya asubuhi na sauti kali ya bendi jioni. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea bafle zitakazokutwa ukumbini. Bafle iliyopasuka huharibu hata sauti iliyotengenezwa kwa ustadi wote.

Rekodi za Hugh Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Nyimbo za Mwenda zinapatikana pia mtandaoni, kwa yeyote mwenye simu na kifurushi kidogo.

Kijana anayekwenda dukani anaweza kuzitumia kama kipimo. Asikilize kwanza jinsi gumba na shahada vinavyojibizana. Kisha achomeke gitaa lake kwenye ampli anayoonyeshwa, apige besi na nyuzi za juu kwa pamoja, aongeze sauti polepole. Besi ikianza kumeza nyuzi za juu kabla ukumbi haujajaa, airudishe ampli hiyo mezani na aombe nyingine.