Rock Hudson

Rock Hudson (jina la kuzaliwa: Roy Harold Scherer Jr.; 17 Novemba 1925 – 2 Oktoba 1985) alikuwa mwigizaji wa filamu na televisheni kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa filamu za mapenzi za miaka ya 1950 na kwa vichekesho vya mapenzi alivyoigiza pamoja na Doris Day. Baadhi ya vichekesho hivyo vilitumia mzaha wa mwanamume anayedhaniwa kuvutiwa na wanaume. Hudson mwenyewe alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na wanaume, lakini aliuficha umma jambo hilo karibu maisha yake yote. Ni miongoni mwa watu mashuhuri wa kwanza duniani kujulikana kuwa na UKIMWI.

Maisha ya awali

Alizaliwa Winnetka, karibu na Chicago, katika jimbo la Illinois. Baba yake, fundi wa magari, aliiacha familia wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mama yake aliolewa tena, na mtoto akachukua jina la baba wa kambo, Fitzgerald. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi la majini nchini Ufilipino akiwa fundi wa ndege.

Baada ya vita alihamia Los Angeles, akawa dereva wa lori huku akitafuta nafasi ya kuigiza. Mwaka 1947 alipokewa na wakala Henry Willson, na ndipo alipopewa jina la Rock Hudson.

Kazi ya filamu

Filamu yake ya kwanza ilikuwa Fighter Squadron (1948), akiwa na nafasi ndogo. Alipata umaarufu kwa Magnificent Obsession (1954), iliyoongozwa na Douglas Sirk. Kwa filamu ya Giant (1956), aliyoigiza na Elizabeth Taylor na James Dean, aliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume.

Mwaka 1957 aliigiza na Sidney Poitier katika Something of Value, inayohusu vita vya Mau Mau. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa nchini Kenya.

Vichekesho vya mapenzi

Mwaka 1959 ilitoka Pillow Talk, iliyoshinda Oscar ya hadithi bora iliyoandikwa kwa ajili ya filamu. Hudson ni Brad Allen, mtunzi wa nyimbo anayetumia laini moja ya simu na Jan Morrow, mpambaji wa nyumba aliyeigizwa na Doris Day. Wawili hao hugombana kwenye simu bila kuonana. Brad anapomwona Jan kwa mara ya kwanza, anajifanya mtu mwingine: Rex, mgeni mpole kutoka Texas. Halafu, akizungumza kwenye simu kama Brad, anamtia Jan shaka kwamba huenda Rex hawapendi wanawake. Wanapokutana tena, Rex anazungumzia mama yake na mapishi, hata Jan anaanza kuamini. Shaka inaisha Rex anapombusu.

Wakati huo filamu za Marekani zilifuata Kanuni za Hays, zilizosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934. Kanuni hizo zilikataza kuonyesha mapenzi ya jinsia moja. Kwa hiyo jambo lenyewe halikutajwa kwa jina, bali lilidokezwa kwa ishara ambazo watazamaji walizielewa na kuzicheka. Kanuni zililegezwa kidogo mwaka 1961 na kuachwa kabisa mwaka 1968.

Mbinu ya kujifanya mtu mwingine ilirudiwa. Katika Lover Come Back (1961) mhusika wa Hudson anajifanya mwanasayansi mwenye haya, asiye na uhakika na uanaume wake. Katika A Very Special Favor (1965) anajifanya ameacha wanawake na kugeukia wanaume, ili amnase mwanasaikolojia aliyeigizwa na Leslie Caron.

Katika filamu hizo zote mvuto kwa wanaume ni hila tu, au ni hali inayopona mwanamume akimpata mwanamke anayemfaa. Hakuna mhusika mkuu anayependa jinsia yake kweli. Mzaha ulifaulu kwa sababu watazamaji waliamini kwamba Hudson hawezi kuwa mtu wa namna hiyo.

Maisha binafsi

Katika miaka ya 1950 mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai katika majimbo yote ya Marekani. Jimbo la kwanza kufuta sheria hiyo lilikuwa Illinois alikozaliwa Hudson, kuanzia mwaka 1962. Mwigizaji aliyejulikana kuwa hivyo angepoteza kazi, na magazeti ya udaku yalizitafuta habari za aina hiyo.

Mwezi Novemba 1955 Hudson alimwoa Phyllis Gates, katibu wa wakala wake. Waliachana mwaka 1958, naye hakuoa tena. Wengi katika tasnia ya filamu waliijua siri yake, lakini haikutangazwa.

Ugonjwa na kifo

Baada ya kuigiza katika tamthilia ya McMillan & Wife (1971–1977), aligunduliwa kuwa na UKIMWI mwezi Juni 1984. Aliendelea kufanya kazi bila kusema, akashiriki katika Dynasty. Ugonjwa wake ulipojulikana, tukio la kumbusu mwigizaji Linda Evans katika tamthilia hiyo lilizua hofu, ingawa busu la namna hiyo haliambukizi VVU.

Mwezi Julai 1985 alionekana hadharani na Doris Day akiwa amekonda sana. Siku chache baadaye, alipokuwa Paris kwa matibabu, msemaji wake alitangaza kwamba ana UKIMWI. Alifariki nyumbani kwake Beverly Hills akiwa na umri wa miaka 59.

Urithi

Hudson alichangia dola 250,000 za kuanzisha mfuko wa utafiti wa UKIMWI uliosimamiwa na rafiki yake Elizabeth Taylor pamoja na wengine. Habari zake ziliwafanya Wamarekani wengi wauzungumzie ugonjwa huo kwa mara ya kwanza.

Vichekesho vyake sasa hutazamwa kwa jicho jingine. Filamu ya Rock Hudson's Home Movies (1992) ya Mark Rappaport ilikusanya vipande vya kazi zake ili kuonyesha dokezo zilizokuwa ndani yake. Down with Love (2003) iliiga mtindo wa Pillow Talk. Katika Love, Simon (2018), kichekesho cha mapenzi kutoka studio kubwa ya Marekani, kijana anayependa wavulana ndiye mhusika mkuu, na hadithi haimalizikii kwa kumgeuza.