Luwum Dawatini

Janani Luwum unamjua kwa kifo chake, Februari 1977, enzi za Idi Amin. Hebu leo mtazame mwaka 1963. Kashapita miaka 40, ni kasisi, ana mke na watoto, na bado anabeba daftari kwenda darasani London College of Divinity, chuo kidogo cha theolojia Uingereza. Yule mchunga ng'ombe wa Mucwini, Acholi, aliyechelewa kuanza shule! Sala, masomo, vitabu, tena kwa lugha ya watu, hadi 1965. Wangapi kwetu, tukishaitwa mchungaji, tunakubali kurudi dawatini? Aliporudi Uganda alipewa kuongoza Buwalasi, chuo kilekile alichoingia mwaka 1949 akiwa mwalimu aliyeokoka juzi tu.