Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Mwandishi Aliyesubiri Miaka 35



Kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Viktoria, kinafahamika kwa samaki, mihogo na machungwa. Wasafiri wengi wanaovuka ziwa kutoka Mwanza kwenda Nansio hawajui kwamba kisiwa hicho kilimzaa pia mmoja wa waandishi wakubwa wa Afrika Mashariki, mwana wa Kanisa, Aniceti Kitereza. Tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu aliyemtumikia Mungu kwa kalamu hastahili kusahauliwa na watu wake. Ya pili ni kwamba shida iliyompata inagusa swali ambalo kamati za mawasiliano za parokia hutuuliza mara kwa mara: maneno yetu tuyaweke wapi ili yasipotee?

Mjukuu wa Omukama, mwanafunzi wa misheni

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, nchi yetu ilipokuwa chini ya Wajerumani. Alitoka katika ukoo uliotawala Ukerewe, akiwa mjukuu wa Omukama Machunda. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, naye akakulia miongoni mwa jamaa zake, karibu na wazee waliojua habari za kale, methali na hadithi za Wakerewe. Aliyoyasikia utotoni hayakumtoka tena.

Mwaka 1905 alianza shule katika misheni ya Kagunguli, iliyokuwa mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1909 alivuka ziwa kwenda Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa huko karibu miaka 10. Alisoma Kilatini, Kijerumani na Kiswahili, pamoja na masomo ya dini. Mwaka 1919 aliacha seminari bila kuwa padre, na mwaka huohuo akafunga ndoa na Anna Katura.

Sisi tuliopita seminarini tunawafahamu wenzetu wengi wa namna hiyo. Baadhi ya watu huwasema kana kwamba wameshindwa. Maisha ya Kitereza yanatufundisha vingine. Malezi aliyoyapata hayakupotea, bali yalizaa matunda katika shamba jingine. Alitoka Rubya akiwa na nidhamu ya kusoma na kuandika kila siku, na nidhamu hiyo ndiyo iliyombeba katika kazi yake kubwa.

Ndoa yake haikukosa msalaba. Yeye na Anna walitamani watoto, lakini hawakubaki na mtoto wa kuwatunza uzeeni. Katika jamii ya wakati ule, mwanamume wa ukoo wake angeshauriwa haraka kuoa mke mwingine. Kitereza alibaki na Anna. Msomaji wa kitabu chake ataona kwamba kilio cha nyumba isiyo na mtoto hakukisikia kwa jirani.

Kitabu cha Kikerewe

Baada ya kuoa alifanya kazi mbalimbali, zikiwemo za hesabu katika biashara mjini Mwanza. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alirudi kisiwani, akafanya kazi katika misheni ya Kagunguli. Huko alikutana na padre mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, aliyependa sana lugha na mila za Wakerewe. Padre Simard alimtia moyo aandike.

Kitereza aliona kwamba wazee walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alizikwa na maarifa yake. Vijana waliosoma walijua habari za Ulaya kuliko za kwao. Angeweza kuandika orodha ya mila na desturi, jinsi wageni wengi walivyofanya. Aliamua kuandika riwaya, ili mila zionekane zikiishi ndani ya watu wanaopenda, wanaogombana na kupatana. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, akaimaliza mwaka 1945.

Riwaya hiyo inamhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, walioishi Ukerewe kabla ya Wazungu kufika. Hawana mtoto. Maneno ya ndugu wa mume yanapozidi, wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Myombekere hamwachi mkewe. Anakwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na anahangaika mpaka anaitimiza ili mkewe arudi. Baada ya matibabu ya muda mrefu wanajaliwa mwana, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali. Katika safari hiyo yote msomaji anajifunza jinsi watu walivyolima, walivyovua, walivyopika, walivyoamkiana na walivyozika. Ni maisha kamili ya jamii, yaliyosimuliwa kwa heshima na mtu aliyeyajua kutoka ndani.

Milango iliyokuwa mikononi mwa wengine

Hapo ndipo mateso ya mwandishi yalipoanza. Kitabu kilikuwa tayari, lakini hakikuwa na mlango wa kutokea. Mitambo ya kuchapa ilikuwa mbali na gharama yake kubwa. Wachapishaji hawakuona faida ya kutoa kitabu kinene kwa lugha ya watu wachache wa kisiwani. Padre Simard aliifanyia kazi tafsiri ya Kifaransa, lakini alifariki kabla haijachapwa. Miaka ikapita, uhuru ukaja, naye Kitereza akazeeka katika umaskini na maumivu ya viungo, kazi yake ikiwa bado haijulikani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kufanya utafiti, wakamkuta mzee huyo. Kwa kuwa hapakuwa na tumaini la kuchapishwa kwa Kikerewe, Kitereza alikaa chini tena na kukitafsiri kitabu chake chote kwa Kiswahili. Tutafakari jambo hilo. Mzee mwenye zaidi ya miaka 70, mgonjwa, alianza upya kazi aliyokwisha kuimaliza, kwa sababu mlango uliofunguka ulidai lugha nyingine.

Tafsiri hiyo ya Kiswahili ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kazi kukamilika. Vitabu vilichapwa ng'ambo na vikachelewa kufika. Mwezi Aprili 1981 Aniceti Kitereza alifariki dunia bila kukishika mkononi kitabu chake kilichochapwa.

Baada ya kifo chake mataifa yalikipokea. Kilitoka kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha kwa Kifaransa. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenye asili ya Ukerewe. Ruhumbika hakutafsiri kutoka Kiswahili, bali kutoka maandishi ya Kikerewe. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu maandishi yale ya asili yalitunzwa. Wachapishaji walikuwa na uwezo wa kuchelewesha kazi ya Kitereza. Uwezo wa kuipoteza hawakuwa nao, maana asili ilibaki kwa wenyewe.

Sisi nasi tunaandika wapi?

Leo milango ile mizito imefunguka. Kijana wa kigango anaweza kutangaza habari za jumuiya yake kwa simu, nazo zikasomwa Geita, Nairobi na Roma kwa dakika moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulikwisha kutambua kwamba Kanisa lina haki na wajibu wa kutumia vyombo vya mawasiliano. Lakini tujihoji: je, tumekuwa huru kuliko Kitereza, au tumebadilisha tu mwenye mlango?

Tutoe ushuhuda wetu. Katika parokia moja tuliyotumwa kuhudumu, kumbukumbu zote za miaka mitano ziliwekwa katika ukurasa wa kampuni moja kubwa ya mtandao: picha za Komunyo ya Kwanza, historia za vigango zilizosimuliwa na wazee, matangazo ya misiba na ya ndoa. Simu ya katibu iliibwa, ukurasa ukaingiliwa na matapeli, kisha kampuni ikaufunga. Tuliandika kuomba msaada, hatukupata mtu wa kuzungumza naye. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wamekwisha kufariki, na simulizi zao hazikuwa zimewekwa mahali pengine popote. Kosa la kampuni lilikuwapo, lakini kosa kubwa lilikuwa letu. Tuliishi katika nyumba ya kupanga tukajisahau, tukadhani ni yetu.

Kuna njia nyingine, nayo haihitaji utajiri. Ipo aina ya programu inayoitwa programu huria. Jinsi ilivyoundwa haifichwi, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyowekwa katika Kiswahili. Leo parokia inaweza kuandika nyaraka zake kwa LibreOffice bila kulipia leseni ya programu, na kuendesha tovuti yake kwa WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003. Ikiwa tovuti hiyo ina jina ambalo parokia yenyewe imelisajili, inaweza kuhamishwa na maandishi yake yote kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine, bila waamini kulazimika kutafuta anwani mpya.

Tusidanganyane kwamba hakuna gharama. Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi hulipiwa kila mwaka. Lazima awepo mtu wa kuitunza, na mwenzake anayejua kazi hiyo, ili mmoja akihama isife. Nywila zitunzwe na ofisi ya parokia, zisibaki katika simu ya mtu mmoja. Sheria ya nchi nayo iheshimiwe: tangu mwaka 2018 zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, na kila mwenye kuchapisha aulize kwanza kama anahitaji leseni.

Wala hatusemi makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook ziachwe. Waamini wako huko, na mchungaji huenda waliko kondoo. Tunasema tu kwamba kundi la WhatsApp ni kengele ya kuwaita watu. Si kabati la kutunzia vitabu vya ubatizo. Tangazo lipite huko, lakini asili yake ibaki kwetu: katika tovuti ya parokia, katika nakala iliyohifadhiwa nje ya kompyuta ya ofisi, na yale ya thamani zaidi yachapwe katika karatasi. Wazee wanaojua historia za vigango vyetu wasikilizwe na kuandikwa mwaka huu, kwa Kiswahili na pia kwa Kikerewe, Kisukuma, Kijita au Kizinza, kadiri wanavyosema wao wenyewe. Kitereza aliamini kwamba lugha ya watu wachache inastahili kitabu kizima. Tovuti iliyo yetu haitatuuliza lugha hiyo ina wasomaji wangapi.

Kitereza hakuwa na mtambo wa kuchapa, hakuwa na fedha, na mwishoni hakuwa na afya. Alikuwa na maneno yake, na hakuyaachia yapotee. Sisi tuna vyombo ambavyo yeye hakuviota. Itakuwa aibu watoto wetu wakikuta kwamba mzee mmoja wa Ukerewe alitunza kumbukumbu za watu wake kwa miaka 35, na parokia nzima ikashindwa kutunza za miaka mitano.

Tumwombee Aniceti na mkewe Anna, na wote walioandika na kufundisha katika kandokando ya ziwa letu bila kuyaona matunda ya kazi yao. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.