Admirali Schank na mkuku unaopanda na kushuka

Jamaa zangu wa Lamu wakinipigia simu hawaachi kunitania. Fundi wa vyombo, mtoto wa fundi wa vyombo, anafanya nini Nakuru, chini ya Menengai, kwenye baridi na vumbi? Huwajibu kwamba bara nako kuna maji. Kilomita kama 70 kutoka hapa nilipo kuna Ziwa Naivasha, na humo mna mashua za wavuvi, boti za watalii na vyombo vichache vya tanga. Maji ya kifuu bahari ya chungu, na mimi chungu nimepata riziki yangu humo.

Leo nataka kumsimulia mtu aliyekufa miaka 200 na zaidi iliyopita, ambaye hakuwahi kufika kwetu. Anaitwa John Schank. Lakini kwanza nieleze aibu iliyonifanya nimjue.

Mwaka 2009 ulikuwa wa ukame. Ziwa Naivasha lilirudi nyuma mpaka gati zikabaki kwenye matope na mafunjo yakasimama nchi kavu. Mzee mmoja alikuwa na chombo cha tanga chenye mkuku mrefu wa chuma, uliotengenezwa kwa maji ya kina. Kila akitoka kilipwelewa kama jahazi kwenye fungu maji yakipwa, tofauti ni kuwa ziwani hakuna bamvua la kukunyanyua kesho. Akaniomba niupunguze mkuku. Nami kwa kujiamini nikaukata zaidi ya nusu, nikausugua, nikaupaka rangi, nikapokea pesa zangu.

Asubuhi chombo kilielea vizuri mahali ambapo zamani kingekwama. Alasiri upepo wa Naivasha ukaamka, na anayeujua anajua haubishi hodi. Tulikuwa watatu. Nilipojaribu kwenda joshi, chombo kilikataa. Omo ilitazama mbele lakini sisi tulikuwa tunakwenda ubavu, tunasukumwa kuelekea kwenye mafunjo wanakolala viboko. Kisha kikainama, maji yakaingia, kikalala kabisa. Wavuvi wa mtumbwi ndio waliotuokoa. Mtoto wa mzee yule hakujua kuogelea, na mpaka leo nikikumbuka mkono wake ulivyonishika shati, usingizi hupaa.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo marehemu baba alinifundisha nikiwa mdogo. Mkuku wa namna ile una kazi mbili. Ya kwanza ni kuwa farumi, uzito wa chini unaokirudisha chombo kikiinama. Ya pili ni kuyashika maji, ili upepo wa ubavuni ukisukume chombo mbele badala ya kukipeleka kando. Mimi niliziondoa zote mbili kwa msumeno mmoja. Katika kutafuta namna ya kurekebisha kosa langu ndipo nikakutana na Schank.

Alizaliwa Uskoti, katika jimbo la Fife, karibu mwaka 1740. Alianza ubaharia kwenye meli za biashara, kisha akaingia jeshi la majini la Uingereza. Alipanda cheo polepole. Sifa yake ilikuwa mikono yake. Inasimuliwa kuwa alijitengenezea kitanda cha kuning'inia chenye kapi na kamba, akawa anajipandisha na kujishusha mwenyewe akiwa amelala humo. Wenzake wakampa jina la utani kwa ajili ya kapi zile. Likamganda maisha yake yote.

Mwaka 1774 alikuwa Boston, Marekani, wakati makoloni yale yanakaribia kuasi. Huko alizungumza na ofisa mmoja wa jeshi la nchi kavu, Lord Percy, juu ya vyombo vya vita vilivyokuwa na matumbo ya kwenda chini sana. Hoja yao ilikuwa kwamba chombo chenye tumbo bapa kingekwenda kasi na kuingia kwenye maji madogo. Tatizo ni lilelile lililonikuta Naivasha: chombo bapa kisicho na mkuku hakiwezi kubisha upepo. Schank akamjengea Percy mashua yenye jibu. Badala ya mkuku kugandamana na chombo, aliufanya ubao unaopita ndani ya kasha jembamba lililotoboa sakafu ya chombo. Kuta za kasha zilipanda juu ya usawa wa maji, hivyo maji hayakumwagika ndani. Penye kina ubao hushushwa. Penye fungu huvutwa juu, chombo kikapita.

Tuwe waadilifu hapa. Watu wa pwani ya magharibi ya Amerika Kusini walikuwa wakichomeka mbao kati ya magogo ya matishari yao muda mrefu kabla yake, wakiziinua na kuzishusha kulingana na upepo. Wazo halikuanzia kwa Schank. Yeye aliliingiza kwenye meli na kulipigania.

Vita vilipoanza, alipelekwa Kanada, mbali na bahari. Hapo ndipo ninapompenda zaidi, maana yeye naye alikuwa baharia wa bara. Mwaka 1776 Waingereza walihitaji meli kwenye Ziwa Champlain, na mto uliokuwa njia ya kuingia ziwani una maporomoko. Meli iitwayo Inflexible ikafumuliwa, vipande vikabebwa kupita maporomoko, na huko juu ikaunganishwa upya kwa siku 28 tu. Schank ndiye aliyesimamia kazi ile, na mwezi Oktoba meli hiyo ya mizinga 18 ikapigana ziwani. Baadaye akasimamia ujenzi wa vyombo kwenye maziwa mengine ya Kanada. Baharia huyu alijipatia jina kwenye maji matamu.

Vita vilipokwisha alirudi kwao na wazo lake la mkuku. Wakubwa hawakuamini, kwani nani anatoboa tumbo la meli kwa makusudi? Yeye akaomba jaribio. Vikajengwa vyombo viwili vya vipimo sawa, kimoja kwa mtindo wa zamani, kingine bapa chenye mikuku mitatu ya kupanda na kushuka. Vilishindanishwa mtoni Thames mbele ya maofisa, kwa matanga sawa. Cha Schank kikamwacha mwenzake mbali sana. Mwaka 1790 serikali ikajenga meli iitwayo Trial kwa mtindo huo.

Iliyopata jina kubwa zaidi ni Lady Nelson, meli ndogo ya tani 60. Mwaka 1800 ilitoka Uingereza chini ya nahodha James Grant, ikafika Sydney mwezi Desemba. Njiani ilipita mlangobahari wa Bass kutoka magharibi kwenda mashariki, meli ya kwanza inayojulikana kufanya hivyo. Grant alipoona mlima kwenye pwani ile akauita Mount Schank kwa heshima ya rafiki yake. Mlima huo ni volkano, yenye shimo juu yake kama Menengai yetu. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu.

Uvumbuzi wake ulikuwa na udhaifu pia. Mwaka 1802 Lady Nelson ilipofuatana na Matthew Flinders kwenye pwani ya mashariki ya Australia, iligonga mafungu mara kwa mara, mikuku ikavunjika, ikabidi irudishwe Sydney. Ubao unaoning'inia chini ya chombo ukigonga mwamba, ama utapanda au utavunjika. Wajenzi waliokuja baadaye walitumia ubao unaozunguka kwenye pini, ukigonga unajikunja wenyewe.

Schank aliendelea na kazi za jeshi hadi uzeeni. Alifanywa admirali kamili mwaka 1822, akafariki mwaka uliofuata huko Devon.

Nami nilirudi kwa mzee yule, nikamrudishia pesa zake, nikaomba nafasi ya pili. Alifikiri siku nyingi kabla ya kukubali. Nilitoboa sakafu, nikajenga kasha la mbao nene, nikalifunga kwenye mataruma na kulikalafati kama alivyonionyesha baba. Nikatia ubao unaozunguka kwenye pini. Farumi ya vipande vya chuma nikaipanga chini kabisa ngamani na kuifunga isihame. Safari hii sikupokea pesa kwanza. Tulikijaribu karibu na ufuo, tukakiinamisha kwa kamba kutoka nchi kavu ili tuone kama kinarudi, na kila mtu alivaa boya.

Kisha Mungu akaleta mvua. Miaka ikapita, ziwa likaanza kujaa, na kufikia 2020 maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba za watu. Palipokuwa na matope mwaka 2009 pakawa na kina. Nikafikiria: kama ningeuacha mkuku ule mfupi, chombo kingekuwa hakifai tena. Ubao uliopandishwa wakati wa ukame sasa unashushwa wote.

Kwa hiyo nina neno kwa mafundi vijana wa nyumbani, wale wanaoletewa boti za nje zenye mikuku mirefu, wakaambiwa wazikate ziweze kuingia mikokoni. Msikate kwanza. Ulizeni uzito ule utakwenda wapi, na nini kitayashika maji. Fanyeni jaribio karibu na ufuo, kabla hamjapakia mtoto wa mtu. Na mnachogundua kiandikeni, pamoja na jina lenu. Mitepe ya kwetu ilishonwa kwa kamba bila msumari, ikapita kwenye mafungu ambayo meli za Wazungu zilizikimbia. Leo tunaitazama kwa mifano kwenye majumba ya makumbusho. Mimi niliyezaliwa katika kazi hii siwezi kukutajia jina la fundi hata mmoja aliyeishona, lakini jina la Schank nimelikuta nikiwa Nakuru.