Joseph Kasa-Vubu: raisi wa kwanza na swali la katiba

Sisi wa Mashariki jina la Lumumba tunalitaja mara nyingi, maana alifanya kazi Kisangani na wazee wetu walimfuata. Jina la Kasa-Vubu tunalitaja kidogo tu. Hata hivyo maisha yake yana fundisho kwetu.

Alizaliwa Mayombe, upande wa magharibi. Alisomea upadri, akaacha, akawa mwalimu, kisha karani wa serikali. Mwaka 1954 alichaguliwa kuongoza ABAKO, na mwaka 1956 chama hicho kilidai uhuru wa haraka, wakati wengine waliomba mwendo wa polepole.

Januari 1960, kwenye Meza ya Mviringo huko Bruxelles, Kasa-Vubu alitaka serikali ya Wakongo iundwe mara moja. Alipokataliwa, alitoka mkutanoni. Yeye alipenda majimbo yenye nguvu. Lumumba alitaka nchi moja yenye serikali kuu imara. Mabishano hayo hayakumalizika. Tarehe 19 Mei 1960 Ubelgiji ilitoa Sheria ya Msingi. Sheria hiyo ilimpa raisi haki ya kumwondoa waziri mkuu, na papo hapo ikasema waziri mkuu anawajibika mbele ya bunge.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni, Kasa-Vubu akiwa raisi na Lumumba waziri mkuu. Tarehe 5 Septemba raisi alimwondoa Lumumba kwa redio. Lumumba naye akatangaza kwamba raisi ameondolewa. Bunge lilimtetea Lumumba. Tarehe 14 Septemba Mobutu akaingilia kati. Lumumba alikamatwa, wakuu wa Léopoldville wakampeleka Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Hatuwezi kusimulia maisha ya Kasa-Vubu na kuficha jambo hilo.

Katiba ya Luluabourg ya 1964, ambayo raia waliipigia kura, iliongeza nguvu za majimbo na za raisi. Lakini Oktoba 1965 Kasa-Vubu alimwondoa Tshombe, na bunge likamkataa Kimba aliyewekwa mahali pake. Ugomvi ule ule ukarudi. Tarehe 24 Novemba Mobutu akatwaa mamlaka yote, akakaa karibu miaka 32. Kasa-Vubu alirudi kwao bila kupigana, akafa Boma mwaka 1969.

Basi, tunaposikia habari za katiba, tusiulize tu nani atatawala. Tuulize pia: wakubwa wawili wakikosana, nani atawaamua? Mwaka 1960 swali hilo liliachwa bila jibu, na mara mbili askari ndiye aliyelijibu.