Maisha ya Leo Fender, Fundi wa Magitaa ya Umeme

Wengi wetu tupigao katika bendi ya shule hudhani kwamba mtengenezaji wa magitaa ya umeme bila shaka alikuwa bingwa wa kuyapiga. Sivyo. Clarence Leonidas Fender, aliyeitwa Leo na watu wote, hakujua kupiga gitaa mpaka kufa kwake.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1909, huko California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho moja, akawekewa la kioo. Chuoni alisomea uwekaji wa hesabu za fedha. Mambo ya umeme alijifundisha mwenyewe. Alipokosa kazi wakati wa dhiki, alikopa dola 600, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Wanamuziki walimletea vyombo vyao vilivyoharibika, naye akajua taabu yao. Gitaa lenye tumbo tupu, likitiwa umeme na sauti ikipandishwa, hupiga yowe, kwa sababu tumbo lenyewe hutikiswa na sauti itokayo kwenye kipaza sauti. Leo akaliondoa tumbo. Alitwaa ubao mzima, akauchonga, akaufungia shingo kwa skrubu. Gitaa la majaribio la mwaka 1949 lilikuwa la msonobari. Telecaster, lililopata jina hilo mwaka 1951, lilikuwa la mti uitwao ashi.

Hapa nitakawia kidogo, maana mbao za gitaa ndizo ubishi wetu wa kila siku bwenini. Juu ya uzito hakuna ubishi: piga dansi usiku kucha, bega litakwambia. Hata ashi na ashi si sawa. Ile iliyoota penye majimaji huwa nyepesi kuliko ya nchi kavu. Lakini sauti je? Nyuzi za chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na mtikisiko huo ndio uzaao umeme uendao kwenye kipaza sauti. Sumaku haisikii mti. Mti waweza tu kugeuza namna uzi unavyotikisika, na mafundi wangali wakigombana kama sikio laweza kutambua.

Leo, kwa maoni yangu, alichagua kama mfanya biashara. Stratocaster la mwaka 1954 lilianza kwa ashi, tena likachongwa kufuata mwili, kwa kuwa kingo za Telecaster ziliumiza mbavu za wapigaji. Mwaka 1956 akageukia olda, mti uliopatikana kwa wingi, usio na vitundu vingi vya kuziba kabla ya kupaka rangi. Ashi aliibakiza kwa magitaa ya rangi hafifu yenye kuonyesha mistari ya mti.

Maradhi yalimwandama, na mwaka 1965 akaiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13. Kumbe akapona! Akarudia kuunda magitaa, na hata ugonjwa wa kutetemeka ulipomshika uzeeni hakuacha karakana. Alifariki tarehe 21 Machi, 1991.