Daktari Coley, aliyetafuta tiba ya saratani ndani ya homa

William Coley alizaliwa mwaka 1862 katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1890 alikuwa daktari kijana wa upasuaji jijini New York alipoletewa msichana wa miaka 17, Bessie Dashiell, aliyelalamika maumivu ya mkono. Ilikuwa saratani. Coley akamkata mkono chini ya kiwiko, lakini ugonjwa ulikwisha kuenea, na Januari 1891 binti huyo akafariki.

Kifo hicho kilimkaa moyoni. Akaanza kufukua majalada ya hospitali kutafuta mgonjwa aliyenusurika. Akamwona mmoja, mhamiaji kutoka Ujerumani. Uvimbe wake wa shingoni ulikatwa mara kadhaa na kurudi, madaktari wakakata tamaa. Kisha akashikwa na maambukizi ya ngozi yenye homa kali. Homa ilipokwisha, na uvimbe haukuwepo tena. Coley alimsaka katika mitaa ya maskini hadi akampata, miaka saba baada ya kuugua, mzima kabisa.

Mwaka 1891 akamdunga bakteria hai Mwitaliano mmoja mwenye uvimbe kooni. Baada ya homa kali uvimbe uliyeyuka, na mtu huyo akaishi miaka minane zaidi. Lakini wagonjwa wengine wawili waliuawa na maambukizi yenyewe. Leo hakuna hospitali ingemruhusu, na ni haki. Kuanzia 1893 akatumia bakteria waliokwisha kuuawa. Wako waliopona, wengi hawakupona, na nguvu ya dawa haikuwa sawa kila ilipotengenezwa. Mionzi ilipoingia, mkuu wake James Ewing akaipendelea. Coley alifariki mwaka 1936, na dawa yake ikawekwa kando.

Alichokosa ni maelezo. Yeye alidhani sumu ya bakteria ndiyo iuayo saratani. Sasa inaeleweka kwamba kazi kubwa hufanywa na kinga ya mwili. Kuna seli tunazozaliwa nazo, walinzi wasiongoja kufundishwa: makrofeji humeza adui, na seli wauaji asilia hutoboa seli iliyoharibika. Saratani ni mtoto wa nyumbani aliyepotoka, kwa hiyo walinzi humpita bila kumtilia shaka, na wengine hata humtumikia. Bakteria wakiingia, walinzi hugutuka.

Binti yake, Helen Coley Nauts, alikusanya kumbukumbu za wagonjwa wa baba yake, na mwaka 1953 akashiriki kuanzisha taasisi ya utafiti wa kinga na saratani huko New York.

Na ile chanjo ya BCG, inayowaachia watoto wetu kovu kwenye mkono? Tangu miaka ya 1970 madaktari huitia ndani ya kibofu cha mkojo cha wagonjwa wenye saratani ya kibofu isiyozama kwenye msuli. Ni bakteria hai waliodhoofishwa, na kazi yao mle ni kuwaamsha walinzi.